Unasafiri ng'ambo kwa ndege? Dawa zako zisikae sandukuni

Kwa miaka mingi mtu aliyepita karibu na uwanja mdogo wa ndege wa Kakuma siku ya safari ya wakimbizi aliweza kuwatambua wasafiri kwa kitu kimoja tu. Si nguo zao wala masanduku yao, kwa kuwa wengi hawakuwa na cha kujaza sanduku. Ni mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu za IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao kila mmoja aliushika kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Ndani ya mfuko huo mlikuwa na hati za safari, kadi ya chanjo, picha ya eksrei ya kifua na karatasi za daktari. Msafiri alikuwa ameonywa mara nyingi kwamba sanduku likipotea si hoja, lakini mfuko ule usimtoke mkononi, hata akienda msalani, hadi apokewe upande wa pili.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na katika miaka ya 2000 na 2001 vijana zaidi ya 3,000 wa Sudan walikwenda Marekani kwa utaratibu huo. Wengi wao hawakuwa wamepanda hata lifti, seuze ndege. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na safari nyingi zilizokuwa zimepangwa zikakatizwa. Hata hivyo somo la mfuko ule lingali linatufaa sisi wengine.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida mjini Lodwar, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Kakuma. Wanaonijia kabla ya safari ni walimu, wafanyabiashara, wanafunzi, akina dada wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi, na wazee wanaopelekwa India kutibiwa. Hawa husafiri na masanduku ya magurudumu, na wengine hupima uzito wa mizigo nyumbani mara tatu. Lakini nathubutu kusema kwamba kwa upande wa afya, yule mkimbizi mwenye mfuko wa plastiki alifungasha vizuri kuwashinda wote.

Dawa zilizorudi nyumbani

Nitaeleza kisa cha kijana mmoja, mgonjwa wangu, aliyepata nafasi ya masomo Ulaya. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, na kwa kumeza dawa asubuhi na jioni alikuwa ametimiza miaka miwili bila kuanguka. Siku ya safari, jamaa walimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Lodwar. Mama yake alikuwa amemfungia nyama kavu, mjomba wake alileta viatu vya baridi, na dada yake alimpa blanketi.

Mzigo ulipowekwa kwenye mizani ukapita kiasi. Ndege kubwa aliyokuwa akienda kuipanda Nairobi ingemruhusu kilo 23, lakini ndege ndogo ya Lodwar ilikubali kilo 15. Hapo sanduku likafunguliwa sakafuni mbele ya watu, huyu akatoa hiki, yule akarudisha kile. Katika haraka hiyo, kibegi kidogo cha "vitu vidogo vidogo" kikatolewa ili nyama ibaki. Kibegi hicho kikarudi nyumbani kwa bodaboda, na ndicho kilichokuwa na tembe zake.

Kijana aligundua usiku huo Nairobi. Akajiambia kwamba siku mbili bila dawa hazidhuru, maadamu amekaa miaka miwili bila kuugua. Hakulala usiku huo kwa shauku, na usiku wa pili hakulala kwa kuwa alikuwa hewani. Siku ya tatu, akiwa katika ukumbi wa kusubiri ndege ya kuunganisha, akaanguka. Aliuma ulimi, akavunja jino, na ndege yake ikaondoka bila yeye. Alilazwa siku nne katika nchi asiyomjua mtu. Walipomwuliza anatumia dawa gani alijibu kwamba ni tembe nyeupe, moja asubuhi na moja jioni.

Katika kisa hiki kosa langu nami limo. Niliandika dawa za miezi mitatu nikampa mkono wa heri. Sikumwandikia barua, na sikumwuliza ataziweka wapi.

Kwa nini alianguka? Dawa za kifafa hazitibu ugonjwa kwa maana ya kuumaliza. Huutuliza ubongo kwa muda tu dawa inapokuwa ndani ya damu. Ukiziacha ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa hurudi kwa kishindo, na mara nyingine mtu huanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati, hali inayoweza kuua. Kukosa usingizi nako huchochea kifafa. Safari ndefu ya ndege humletea mgonjwa yote mawili kwa pamoja.

Wiki nane kabla

Watu wengi hunijia siku tatu kabla ya safari. Siku tatu hazitoshi. Anayetoka Turkana yafaa aanze wiki sita hadi nane kabla, kwa sababu baadhi ya chanjo na vipimo huenda vikamlazimu kufika Eldoret au Nairobi, na katika msimu wa mvua laga zikijaa barabara ya kwenda Kitale au Kakuma huweza kufungwa siku nzima.

Tuanze na homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huu. Ulizuka katika Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, na tena Isiolo mwaka 2022. Kwa hiyo nchi nyingi humdai msafiri anayetoka Kenya cheti cha chanjo, ile kadi ya manjano. Cheti huanza kukubalika siku ya 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo ukidungwa siku moja kabla ya safari umepata chanjo lakini hujapata cheti. Tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, basi usikubali kudungwa tena kwa sababu tu kadi yako imepita miaka kumi. Hakikisha jina kwenye kadi ni lile lile lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wenye majina matatu wanaojua kuandika mawili tu, nawaambia ninyi.

India ni kali zaidi katika jambo hili. Anayefika kutoka Kenya bila cheti halali anaweza kutengwa hadi siku 6. Mzee anayekwenda kupasuliwa moyo au kutibiwa saratani, mwenye miadi ya daktari na pesa za harambee mfukoni, huzimaliza siku hizo chumbani akilindwa.

Chanjo hii imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo mja mzito, mtoto aliye chini ya miezi 9, mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana na mwenye mzio mkali wa mayai asidungwe kabla ya kuzungumza na daktari. Aliyepita miaka 60 naye atazamwe kwanza. Asiyeweza kudungwa huandikiwa hati ya msamaha, ingawa ni vyema aulize ubalozi kama itakubaliwa.

Anayekwenda Hija au Umra atahitaji chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo pia idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Na polio je? Wengi hudhani polio ni habari ya zamani. Mwaka 2024 virusi vya polio viligunduliwa Kakuma, na kampeni ya chanjo ikafanywa. Nchi yoyote ina haki ya kukuuliza, hasa ukiwa umekaa kambini au karibu nayo, kwa hiyo kadi ya kliniki ya mtoto isafiri naye.

Neno moja kwa akina dada wanaokwenda kazi Ghuba. Vipimo vya afya mnavyofanyiwa ni pamoja na kifua kikuu, homa ya ini, ujauzito na virusi vya ukimwi. Nimewahi kukutana na mtu aliyeacha dawa za kupunguza makali ya virusi akitumaini kwamba kipimo kitamwona mzima. Hakimwoni mzima. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili hazitoweki kwa kuacha dawa. Anachopata ni virusi kuongezeka, na pengine kuwa sugu. Nchi kadhaa za huko humnyima kibali cha kazi mwenye virusi, na ni heri kulijua hilo katika kliniki kabla ya kumlipa wakala.

Matokeo ya vipimo nayo huisha muda, aghalabu baada ya miezi mitatu au sita. Safari ikiahirishwa, uliza kwanza kama karatasi zako zingali hai.

Kutoka Lodwar hadi Eldoret kwa nusu saa

Ndani ya ndege hewa haiwi kama ya chini. Hata ndege ikiwa juu mno, mitambo yake huiweka hewa ya ndani sawa na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya bahari, na Eldoret kama mita 2,100. Kwa hiyo kupanda ndege kubwa ni sawa na kuchukuliwa kutoka Lodwar na kuwekwa Eldoret, au juu yake, kwa nusu saa, kisha kubaki huko usiku kucha.

Mtu mzima wa afya hatatambua tofauti. Lakini mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye moyo uliochoka au mapafu yaliyoharibika anaweza kukosa pumzi. Kipimo changu cha kwanza ni rahisi. Namwambia mgonjwa atembee nami mita 50 kwa mwendo wa kawaida na kupanda ngazi chache. Akiweza bila kuhema sana, tunaendelea na mazungumzo. Akishindwa, naagiza vipimo zaidi, na huenda akahitaji kuwekewa hewa ya oksijeni ndani ya ndege, jambo ambalo shirika la ndege sharti lijulishwe mapema.

Hewa pia hutanuka kadiri tunavyopanda. Ndiyo maana masikio huziba. Hewa iliyonaswa mahali pabaya mwilini nayo hutanuka, kwa hiyo aliyepasuliwa tumbo, jicho au kifua hivi karibuni aulize daktari wake asubiri kwa muda gani. Aliyefungwa plasta ya mfupa chini ya siku mbili aipasuliwe kwanza, maana mguu huvimba ndani yake. Jino lililotoboka nalo linaweza kuuma kama linachomwa. Litengeneze Kenya, kwani huko uendako utashtuka kwa bei.

Mtoto mchanga apewe titi ndege inapoanza kushuka. Kumeza ndiko kunakofungua masikio.

Mja mzito asiye na matatizo aweza kusafiri. Baada ya wiki ya 28 mashirika mengi huomba barua ya daktari yenye tarehe anayotarajiwa kujifungua, na baada ya wiki ya 36 wengi hawamkubali. Mwenye pacha huzuiwa mapema zaidi, karibu wiki ya 32. Hesabu wiki za siku ya kurudi pia. Nimewaona waliohesabu za kwenda peke yake.

Bahasha ya kaki

Sasa tuje kwenye mkoba wa mkononi wenyewe, ambao ndio kiini cha makala haya.

Hapa kwetu dawa nyingi hutolewa katika kibahasha cha kaki au kimfuko cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu "1x3" au "2x2". Mimi na wewe tunaelewana. Afisa wa forodha wa Doha au Frankfurt haelewi chochote. Anachoona ni tembe nyeupe zisizo na jina katika bahasha isiyo na jina. Kwa hiyo mwombe mwenye duka la dawa au mfamasia wa hospitali akupe dawa zikiwa katika pakiti zake za asili, na lebo yenye jina lako ibandikwe.

Pili, barua ya daktari. Iwe imechapwa kwa Kiingereza kwenye karatasi yenye anwani ya kliniki, na iwe na jina lako kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa wako, majina halisi ya dawa wala si majina ya kibiashara tu, kipimo cha kila dawa, na kama unabeba sindano, sababu yake. Jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi, lakini jina halisi daktari yeyote duniani atalitambua. Weka nakala moja kwenye mkoba na nyingine ibaki nyumbani kwa jamaa anayejua kuipiga picha na kukutumia. Karatasi moja kama hiyo ingemwokoa yule kijana siku mbili kati ya zile nne za hospitalini.

Tatu, wingi. Beba dawa za kutosha safari yote na za wiki moja zaidi. Anayekwenda kuishi huko abebe za miezi miwili au mitatu, kwa sababu kupata daktari wa kwanza ugenini huchukua muda kuliko unavyodhani. Zote ziingie mkobani. Zikiwa nyingi mno, angalau za wiki mbili za kwanza ziwe mkobani na zilizobaki sandukuni, wala isiwe kinyume.

Kuhusu vitu vya majimaji, tangu mwaka 2006 viwanja vingi vimezuia chupa zinazozidi mililita 100 ndani ya mkoba. Dawa za lazima na maziwa ya mtoto huruhusiwa kupita kiasi hicho, ila uzitoe na uzionyeshe mwenyewe kabla hujaulizwa. Hapo tena barua ya daktari ina kazi.

Wenye kisukari wanaotumia insulini wasikilize zaidi. Insulini haipendi joto, na haipendi kuganda. Mjini kwetu joto la mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi, ilhali chupa iliyoanza kutumika yataka ikae chini ya nyuzi 30, na hivyo hudumu kama wiki nne. Nyumbani wengi wetu tunatumia chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji katikati, na kinafanya kazi vizuri. Njiani tumia chupa ya chai iliyopozwa kwanza kwa maji baridi na kumwagwa, kisha insulini iwekwe ndani ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Usiiweke juu ya barafu. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika kumi. Na usiitie sandukuni, kwa kuwa katika sehemu ya mizigo ya ndege baridi inaweza kuigandisha. Insulini iliyoganda ikayeyuka huonekana kama nzima, lakini haiaminiki.

Saa nazo huchanganya. Ukisafiri kuelekea magharibi siku yako hurefuka, ukielekea mashariki hufupika. Njia ninayowapa wagonjwa ni kuiacha saa moja ya mkononi ikisoma saa za Kenya hadi wafike, wale na wajidunge kwa saa hiyo, kisha wahamie saa za mwenyeji kwa maelekezo tuliyokwisha kuandika pamoja. Beba chakula mkobani. Chakula cha ndege hakiji kwa ratiba ya insulini yako.

Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni, si kwenye rafu ya juu. Wa presha asiruke kidonge kwa kuogopa kwenda msalani mara kwa mara. Aombe kiti cha kando ya njia.

Yapo mambo ambayo ni heri yabaki nyumbani, au yaombewe kibali. Tramadoli, kodeini na diazepamu, ambazo baadhi ya watu hupata hapa bila shida, ni dawa zinazodhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu na Saudia, na kuzibeba bila kibali kunaweza kumfikisha mtu kizuizini. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayotumiwa sana katika zahanati zetu, nayo inadhibitiwa kimataifa. Mgonjwa anayeitumia aombe kibali cha nchi aendako kabla ya safari, au ahamishiwe dawa nyingine polepole miezi kadhaa kabla. Kumbadilishia wiki ya mwisho ni hatari.

Unga wa mwarubaini na mizizi ya kienyeji katika karatasi ya gazeti ni vigumu kuielezea mbele ya afisa. Miraa Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani na Saudia vilevile haziitaki, kwa hiyo usikubali kumbebea mtu "kifurushi kidogo cha majani". Na ile nyama kavu ya mama? Nchi za Jumuiya ya Ulaya haziruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu, samli ikiwemo. Nyama iliyomfukuza dawa katika sanduku la yule kijana ingetupwa hata kama angefika nayo.

Mizani ya Lodwar

Kwa sababu hiyo nawashauri wanaoondokea hapa wafungashe kwa mizani ya ndege ndogo, si ya ndege kubwa. Soma tikiti yako uone ni kilo ngapi. Pia tazama ndege hiyo inatua wapi Nairobi. Ndege nyingi za Lodwar hutua Wilson, ilhali safari za ng'ambo huanzia Jomo Kenyatta, na msongamano wa magari kati ya viwanja hivyo viwili haumhurumii mtu. Ikiwezekana lala Nairobi usiku mmoja. Mwenye kifafa, presha au kisukari kwake usingizi huo ni sehemu ya matibabu. Sweta iwe mkobani, kwani mtu wa Lodwar huanza kutetemeka tangu Nairobi, na ndani ya ndege ni baridi pia.

Wanaopanda basi kutoka Kakuma hadi Nairobi wana jambo lao. Wameshakaa kitini siku nzima na usiku kabla hawajaiona ndege, halafu wanakaa tena saa nane au zaidi. Damu isiyosukumwa na misuli ya miguu inaweza kuganda ndani ya mshipa, na donge hilo likikatika husafiri hadi mapafuni na kumwua mtu ghafla. Hatari huanza kuonekana katika safari zinazozidi saa nne, na huwa kubwa kwa aliyepasuliwa karibuni, mja mzito na aliyejifungua majuzi, mwenye saratani, anayemeza vidonge vya kupanga uzazi na aliyewahi kuganda damu. Pumzikeni Nairobi. Ndani ya ndege inukeni kila baada ya saa moja au mbili, mkunje na kukunjua vifundo vya miguu mkiwa mmekaa, na mnywe maji. Usimeze aspirini kwa ushauri wa jirani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au ukikatwa na pumzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ukifika, sema ulikotoka

Msafiri anayepatwa na homa ng'ambo hupokewa na daktari ambaye pengine hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria maishani mwake. Atafikiria mafua. Malaria kali huchipuka aghalabu katika mwezi wa kwanza baada ya kuondoka, lakini yaweza kuchelewa miezi mitatu au zaidi. Usingoje uulizwe. Mwambie: natoka Turkana, Kenya, niliondoka tarehe fulani, naomba nipimwe malaria leo.

Kuna maradhi mengine mawili ya kwetu ambayo daktari wa huko hatayawazia. La kwanza ni kala-azari, linaloletwa na usubi wanaopenda kukaa kwenye vichuguu. Homa yake ni ya wiki nyingi, mtu hukonda, bandama huvimba, na huweza kujitokeza miezi mingi baada ya kuumwa. La pili ni haidatidi, vifuko vya maji ambavyo hukua ini au mapafuni kutokana na mayai ya tegu wa mbwa. Turkana ilijulikana ulimwenguni kwa wingi wa ugonjwa huu, hata AMREF ikaanzisha mpango wa kuudhibiti hapa mwaka 1983. Kifuko hukua polepole kwa miaka, bila maumivu, na mara nyingi hugunduliwa kwa bahati mtu anapopigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine.

Hapo ndipo penye hatari. Daktari asiyejua unakotoka anaweza kuchoma sindano ili kuona kilichomo. Maji ya kifuko hicho yakivuja ovyo ndani ya tumbo huweza kuleta mshtuko wa mzio unaoua kwa dakika chache, na hata mtu akipona, mbegu za ugonjwa husambaa. Kutoboa kwa sindano ni tiba inayokubalika, lakini hufanywa na anayejua anachokitoboa, baada ya dawa maalumu. Kwa hiyo katika barua za wagonjwa wangu siku hizi huongeza mstari mmoja chini, kwamba mtu huyu amekulia Turkana na kifuko chochote cha ini kipimwe haidatidi kabla ya kuguswa.

Nao wanaorudi kutembea, waliokwisha kukaa miaka kumi Minnesota au Melbourne, hawana tena kinga ya malaria waliyoondoka nayo. Waanze vidonge vya kujikinga kabla ya kupanda ndege ya kuja, wavitumie wakiwa hapa na waendelee navyo baada ya kurudi kwa muda watakaoambiwa, na walale ndani ya chandarua hata kama joto la Lodwar linawaita walale nje uani.